Umande wa Rayners Lane

Desemba yetu ya kwanza Rayners Lane, pembezoni mwa London, baba aliruhusiwa kutoka hospitali, na si kwa kuwa amepona. Tulimlaza chumba cha mbele. Mama akabaki na haja moja tu: jani bichi la tulsi, mrehani wetu mtakatifu. Kwetu Wahindu mtu hafi mdomo mtupu. Huwekewa jani hilo ulimini pamoja na tone la maji.

Mche ulikuwa mmoja, uliokuja kutoka Mombasa ungali mbegu kwenye pindo la sari ya mama. Afisa wa uwanja wa ndege alipekua hata viatu vyangu; pindo hakuligusa. Niliutunza kama mali ya dukani: maji kidogo, mbali na hita ya mafuta ya taa, dirisha linalopata jua. Jua lenyewe lilikuwa kama mteja wa mkopo, likiahidi kesho. Ulibakiwa na majani manne. Niliyahesabu, nikayahesabu tena, hayakuongezeka.

Mkesha wa Krismasi mama alichungulia bustanini akaona nyasi zimekuwa nyeupe.

"Umande!" akasema, akifurahi.

Mombasa, mche ukinyong'onyea hulazwa nje ukanywe umande, na asubuhi huamka. Kiswahili chetu hakikuwa na neno jingine la kitu kinachoshukia nyasi usiku. Basi akautoa nje bila kuniambia. Asubuhi tukakuta majani meusi, yamelegea kama mchicha uliochemshwa.

"Umande gani huu?" akaniuliza. Nikagusa nyasi: barafu tupu. Ilikuwa Krismasi: maduka yamefungwa, mabasi hayatembei, na baba pumzi zimeanza kukatika.

Nikapiga hodi nyumba ya tatu, kwa mama mmoja wa Kizanzibari aliyefuga mrehani kwenye kopo la maziwa kando ya jiko.

"Mama, naomba jani moja tu."

"Moja? Muhindi weye, siku zote wataka nyongeza, leo wapunguza?"

"Ni la baba."

Akatwaa mkasi, akakata tawi zima. "Naufuga kwa ajili ya kaburi la mume wangu. Chukua, mwanangu. Yeye hana haraka."

Nyumbani, mama aliunusa ule mrehani. "Si tulsi yetu," akasema. Hata hivyo alichuma jani, akalichovya majini, akamwekea baba ulimini.

Baba aliuza vitambaa maisha yake yote. Ndani ya nyumba tulichanganya Kigujarati na Kiswahili, lakini mambo ya bei kwake yalikuwa Kiswahili tupu. Akafumbua macho.

"Bandia," akanong'ona. "Bei gani?"

"Bure, baba."

"Bure?" Akatafuta pumzi, akaipata. "Ungeomba mawili."

Alikufa kabla maduka hayajafunguliwa. Tuliporudi kutoka kumchoma, mama aliuchukua ule mche mweusi, akaurudisha dirishani, upande wa ndani, akaumwagilia maji.