Makofi ya Miting

Bi Mkasi hakupewa jina hilo kwa sababu ya ushonaji. Alipewa kwa sababu ya ulimi. Katika kiwanda kile cha sare za shule, ukimkosea asubuhi anakupa vidonge vyako hapo hapo, halafu basi, yamekwisha, mchana mnaazimana uzi kama kawaida. Alichokichukia ni mtu wa kukuchekea usoni na kukuchimba kwa nyuma. Na watu wa namna hiyo hawakustawi popote kama kwenye miting.

Zamani upuuzi ule haukuwepo. Mzee mwenye kiwanda, asipopendezwa na kola yako, alikuja mpaka kwenye cherehani yako, akaishika kola yenyewe, akafoka, ukamjibu, mkaendelea na kazi. Mzee alipofariki, mwanawe akawa Meneja, akaenda semina, akarudi na neno lake. Watu walikuwa na maneno yao tangu hapo. Wakitaka kupatana husema tuzungumze. Wakiandaa harusi husema tuna kikao. Lakini Meneja akisema miting, kila mshonaji aliitazama cherehani yake kama anayeiaga. Maana mle ndani hakuna aliyefukuzwa na Meneja. Meneja alisimama mbele, akasema "tumeonelea", kisha "tupigeni makofi", na makofi yakishapigwa jambo limepita. Ukimfuata ofisini na machozi yako, anakuonyesha viganja vitupu: "Si mimi, mama. Ni miting."

Na watu walipiga! Walimpigia makofi mwenzao anayefukuzwa, viganja vikawasha, kisha wakaenda kumpa pole chooni. Bi Mkasi hakupiga hata siku moja. Aliiweka mikono yake mapajani ikatulia, na Meneja aliiona.

Cherehani yake ilikuwa dirishani. Miaka ya karibuni macho yalikuwa yameanza kumtupa mkono. Kwenye mwanga wa dirisha alitia uzi sindanoni bila taabu, ila akisogea ndani kidogo tu, sindano haikuwa na tundu tena. Dirisha likienda, kazi imekwenda. Siri hiyo alimwambia mtu mmoja: mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, ambaye Bi Mkasi mwenyewe alimwingiza kiwandani kwa mkono wake na kumfundisha kushona, kuanzia pindo hadi kola. Siku za mawingu mkwe ndiye aliyemtilia uzi kimyakimya, huku akijifanya amekuja kuazima chaki.

Asubuhi moja Bi Mkasi aliingia akakuta mto wake wa kukalia uko sakafuni. Juu ya kiti chake palikuwa na mto mwingine, mpya, wa maua, na kando yake amesimama mke wa mpwa wa Meneja, kucha ndefu, hajawahi kushona hata kitambaa cha meza. Kabla Bi Mkasi hajafungua mdomo, Meneja akatokea.

"Jamani, miting! Zimeni mashine."

Cherehani zikanyamaza. Meneja akajikohoza.

"Tumeonelea mama yetu apumzike. Ahamie stoo akashone vifungo. Tumesikia macho yanamsumbua."

Tumesikia. Bi Mkasi akageuka kumtazama mkwewe. Mkwe akawa anahesabu mabaki ya vitambaa sakafuni.

"Mmeonelea nani na nani?" Bi Mkasi akauliza.

"Miting, mama."

"Miting si ndiyo kwanza inaanza? Imeonelea saa ngapi? Na huu mto wa maua umekuja kwa miguu yake?"

Kicheko kilimtoka mtu huko nyuma, akakigeuza kikohozi.

"Hoja tutazipokea mwishoni, mama."

"Mwisho wa miting au mwisho wangu?"

"Tupigeni makofi," Meneja akasema.

Kwa muda hakuna aliyepiga. Walimwogopa Bi Mkasi, na wengine, tuseme ukweli, walimpenda. Kisha makofi yakaanza, moja moja, membamba. Yalikuwa ya mkwe. Wengine walipoona hata wa nyumbani kwake anapiga, wakajiunga.

Stoo palikuwa na balbu moja yenye vumbi. Bi Mkasi alilamba uzi, akalenga, akakosa. Akalenga tena. Alijichoma kidole, damu ikaingia kwenye shati jeupe la mtoto wa watu, naye akalia kwa hasira, bila sauti, kwa kuwa asingewapa raha hiyo. Mchana alichukua mto wake na mkasi wake, akapita katikati ya ukumbi bila kumuaga mtu, akatoka.

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alizunguka mitaani mpaka jua likapungua, asije jirani akamuuliza mbona mapema. Alijifariji kwa jambo moja. Sebuleni kwake, chini ya dirisha, ilikuwapo cherehani yake ya zamani, ya chuma, aliyoinunua kabla hajapata mtoto. Nyumba ile aliijenga kwa miguu yake, kwa kukanyaga pedali. Atawashonea majirani. Atakaa kwenye mwanga wake mwenyewe.

Alipofungua mlango alikuta viti vimepangwa duara. Mwanawe, fundi friji, amekaa na shati safi. Mkwe amekaa pembeni yake, macho mekundu. Chini ya dirisha palikuwa na friji bovu la mteja, limefunguliwa mgongo. Cherehani haikuwepo. Bi Mkasi alichungulia chumba cha vyombo, akaiona gizani, imefunikwa gunia.

"Karibu, mama," mwanawe akasema. "Kaa. Tuna miting kidogo."

Bi Mkasi aliubana mto wake kwapani.

"Tumeonelea, mama, kwa kuwa macho yako..."

Kwa Meneja neno lile lilimkasirisha. Kutoka kwenye kinywa alichokilisha uji, lilimuumiza. Alivuta kiti kilichokuwa mbele yake, akakalia mto wake.

"Haya. Miting imefunguliwa. Nyumba hii ya nani?"

"Yako, mama."

"Nani ameijenga?"

"Wewe. Lakini mama, mimi nahitaji mwanga wa..."

"Sijakuuliza unahitaji nini. Ungeniuliza wewe, jana, mezani, kabla hujabeba kitu changu. Friji litoke. Cherehani irudi dirishani. Anayepinga apinge kwa mdomo wake, asijifiche nyuma ya viti."

Mkwe akaanza kulia. "Mama, nilibanwa. Meneja aliniambia nisipoanza mimi kupiga, nitafuata mimi."

"Ungekuja jikoni ukaniambia. Ningekutukana, ndiyo. Ningekutukana mpaka sufuria iungue. Halafu tungekaa tukatafuta la kufanya, mimi na wewe. Huko ndiko kukutana. Nyinyi mnaniita nije kusikia mlichokwisha kufanya."

Mwana alimtazama mkewe, mkewe akamtazama mumewe, na hapakuwa na wa kusema tumeonelea. Wakalisukuma friji mpaka uani. Wakarudi wakaibeba cherehani, chuma kitupu kile, kila mmoja upande wake, wakigonga milango na kuhema, wakaitua chini ya dirisha. Bi Mkasi hakuinuka kuwasaidia.

Mkwe, kwa mazoea, akanyoosha mkono kuchukua uzi na sindano.

"Acha," Bi Mkasi akasema. "Kesho kuna jua."

Kisha akaitoa mikono yake mapajani, akaanza kupiga makofi. Alipiga polepole, macho yakiwa usoni kwa mkwewe, akapiga, akapiga, mpaka mkwe akaificha mikono yake mgongoni.