Nilivaa gauni la harusi kwenda yadi ya magari Thika: tuuze ploti tununue V8, au tuchukue lease?

Wakuu, sasa? Hamjambo nyote, wenye magari na wale bado mko kwa kupanga.

Nimekuwa nikisoma tu hapa bila kuandika. Leo nimeamua kusema kwa sababu kila wiki naona mtu akiuliza kama gari kubwa la starehe ni la kununua au la lease. Nitawapa yaliyotupata sisi, jinsi yalivyokuwa, hata ile sehemu niliyochekwa.

Kwanza mnijue. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Gitothua hapa Ruiru. Nilifundisha driving miaka kumi na mmoja. Siku hizi mimi na mume wangu, Baba Ciku, tunabeba maharusi. Tulikuwa na saloon mbili nyeupe, za kawaida, lakini safi.

Sasa kuna mzee ana bustani ya harusi Thika. Tumwite Mzee Gathecha. Alituita akatuambia:

"Watu siku hizi wanataka gari la nguvu. Likinguruma pale gate, hata wageni wa viti vya nyuma wajue bibi harusi amefika. Nileteeni moja nilione kabla ya Agosti, na harusi zote za hapa ni zenu. Mkikosa, kuna jamaa wa Nairobi ananisumbua kwa simu kila siku."

Hatukuwa tumefika hata barabarani, Baba Ciku akasema, "Tunauza ploti."

Ploti ni ya Mwihoko. Ndogo, lakini title deed, ile hati ya ardhi, iko na majina yetu. Tulitaka kujenga hapo, maana tangu tuoane tunalipa kodi kwa nyumba ya wenyewe.

"Na nyumba tutajenga wapi, juu ya bonnet?" nikamuuliza.

"Mama Ciku, gari ni lako logbook ikiwa na jina lako. Hiyo lease ni kuvaa suti ya kuazima."

Hapa naomba nisimame kidogo nieleze, maana wengi huchanganya.

Kwa lease, kampuni ndiyo inanunua gari. Wewe unalitumia kwa muda mliokubaliana na unalipa kila mwezi. Mara nyingi service na bima ziko ndani ya malipo hayo, lakini usikisie, uliza. Muda ukiisha unarudisha, unaongeza, au unanunua kwa bei iliyobaki kama mkataba unaruhusu. Kuna kikomo cha kilomita, na huruhusiwi kubadilisha chochote. Ukirudisha, unatoka mikono mitupu. Huo ndio ukweli wake.

Ukinunua, gari ni lako na kilomita ni zako. Lakini siku gearbox ya V8 itaanza kukohoa, hicho kikohozi pia ni chako.

Basi Baba Ciku akapata gari kwa yadi moja Thika. Mjerumani, milango miwili, injini ya V8 yenye silinda nane, jeupe kama maziwa. Alinipigia simu ya video akanisikizisha injini. Wakuu, nisiwadanganye, hata mimi moyo uliruka. Mnunuzi wa ploti naye alikuwa tayari. Tulikuwa tusaini kwa wakili Ijumaa.

Jumatano nikapitia kwa Mama Wambo, rafiki yangu anayekodisha magauni ya harusi Ruiru. Nikamwomba lile gauni kubwa kabisa, lenye ile waya ya duara ndani inayolifanya lisimame.

"Haiya, unaolewa tena?" akaniuliza. "Baba Ciku anajua?"

Sababu yangu ilikuwa rahisi. Nikifundisha driving, sikuwahi kumwambia mwanafunzi gari ni zuri kabla hajakaa ndani jinsi atakavyolitumia. Na huyu Mjerumani mteja wake si Baba Ciku. Mteja wake ni mtu aliyevaa gauni.

Nikalivaa hapo hapo dukani, nikaingia nyuma kwa saloon yetu bila shida, Baba Ciku akaendesha. Pale stage ya Gitothua watu wa boda waliniona na nywele zangu za mvi wakapiga honi: "Mama harusi! Bwana ndiye huyo dereva?" Baba Ciku akavuta kofia mpaka kwa macho.

Tukafika yadi. Muuzaji akatoka mbio na tabasamu. "Hongera sana madam! Harusi ni leo?"

"Harusi ni kama nitatoshea," nikamjibu.

Milango miwili, kwa hivyo ili kuingia nyuma lazima kiti cha mbele kikunjwe. Nikaingiza kichwa. Nikaingiza bega. Ile waya ikakataa kuinama, ikasimama yote mbele ya uso wangu kama antena ya dish. Nikakwama hapo, nusu ndani, nusu nje, viatu vyangu vya raba vikionekana na yadi nzima. Walinivuta watu wawili, Baba Ciku mkono wa kushoto na muuzaji mkono wa kulia.

Muuzaji hakukata tamaa. "Bibi harusi anaweza kukaa mbele, madam."

"Sawa. Na bwana harusi?"

"Huyo... nyuma."

"Na matron, msimamizi wake?"

Baba Ciku akanijibu kwa niaba ya muuzaji: "Matron atakuja na boda." Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika paa la lile gari. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Ciku, hili ndilo ningeuzia ploti."

Lakini bado hakutaka lease. Alisema tutafute lingine la kununua, lenye milango minne.

Aliyemgeuza ni Mama Wambo tulipomrudishia gauni. Alimwambia, "Hili nililinunua mimi. Kila bibi harusi analitaka, limeolewa mara nyingi kuliko mtu yeyote Ruiru. Lakini zile za mtindo mpya nakodi Nairobi kwa msimu. Mtindo ukiisha, narudisha. Nikinunua kila mtindo, nitabaki nazo kwa kabati nikizivaa mwenyewe."

Baba Ciku akauliza polepole, "Na hizi V8, ni mtindo?"

"Mwaka juzi si mlikuwa mnaulizwa magari ya zamani?"

Ijumaa wakili alipopiga simu, Baba Ciku mwenyewe ndiye alimwambia hatuuzi.

Tukatafuta kampuni ya lease, tukachagua V8 ya milango minne, ndefu, mlango wa nyuma mpana. Nikaomba nipewe mkataba nikausome nyumbani. Na hapa, wakuu, tafadhali msikie vizuri.

Kulikuwa na kipengele kinachosema gari halitabeba mtu kwa malipo. Kwa mtu wa kwenda nalo ofisini, hiyo si shida. Kwetu, hiyo ndiyo kazi yenyewe! Likigongwa bibi harusi akiwa ndani, bima ingekataa kulipa.

Afisa wao akaniambia, "Madam, hiyo ni kawaida tu, hakuna mtu huangalia."

Nikamwambia kwa upole, "Mimi nimeangalia. Na wa bima ataangalia siku nikimhitaji."

Nilikataa kusaini. Siku tatu zikapita, Baba Ciku akitembea nyumbani kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Siku ya nne wakaandika upya, bima ya kibiashara ikiwa ndani. Malipo yalipanda kidogo. Kilomita hazikutusumbua, kwani harusi zetu nyingi ni hapa kati ya Ruiru na Thika.

Tukalipeleka kwa Mzee Gathecha. Alilizunguka mara mbili, akafungua mlango wa nyuma, akakaa. Akaomba liwashwe. Liliponguruma, wafanyakazi waliokuwa wakikata nyasi wote wakageuka.

Mzee akatoka, akamtazama Baba Ciku. "Na logbook ni yako?"

"Logbook ni ya kampuni," mume wangu akasema. "Yangu ni title deed."

Mzee akamkazia macho kidogo, kisha akatoa simu na kumpigia yule jamaa wa Nairobi tukiwa tumesimama hapo. "Usisumbuke tena," akamwambia. "Nimepata."

Msimu ule tulifanya kazi hadi tukasahau Jumamosi ya kupumzika inakaaje. Sasa kule Mwihoko kuta zimefika madirishani, na Baba Ciku ameshanionyesha mahali gari litakuwa likilala.

Nilichojifunza ni hiki. Kabla ya kuuliza lease au kununua, uliza gari litamfanyia nani kazi, na kwa muda gani. Kama utalitumia miaka mingi, unasafiri mbali, na una pesa ambazo si za nyumba, nunua ufurahie, hakuna ubaya. Kama ni la msimu, lease inakuachia ulicho nacho. Hali yoyote ile, soma mkataba wote, na uombe kibadilishwe kile kisichokufaa. Hubadilishwa, mkiuliza.

Kama uko karibu kusaini wiki hii, weka hapa kipengele kinachokutatiza tukisome pamoja. Na wewe uliyenunua na hujuti, tuambie ulipigaje hesabu yako. Mwaga hapo chini.