Nilipata D plus nikatangaza C plus kanisani: nilivyoanza upya college Ruiru

Wakuu, habari za Jumapili.

Mimi huwa nasoma tu nyuzi za watu hapa na kupita kimya. Leo naandika kwa sababu matokeo ya Form Four yametoka, na najua kuna mtu mahali amezima simu na kuificha chini ya godoro. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na sehemu inayoniaibisha sitairuka.

Nimelelewa Kiganjo, Thika. Mama anashona sweta za shule kwa machine, kwenye kibanda karibu na stage ya matatu. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, na mimi ni mtoto wa pekee. Kwa hivyo hesabu ya mama ilikuwa rahisi: nikifaulu tumefaulu, nikianguka tumeanguka.

High school sikuwa mtundu. Ningekuwa mtundu leo ningekuwa na kisingizio.

Nilikuwa mtu wa notes. Kalamu za rangi tatu, kila kitu kilicho ubaoni naandika, napiga mstari kwa ruler. Walimu wakikagua vitabu, changu kinapata tick. Kuelewa ndiyo sikuelewa. Form Two niliwahi kuuliza swali la Maths, darasa likacheka, mwalimu naye akacheka. Sikuuliza tena swali mpaka nikamaliza Form Four.

Nikapata D plus.

Sasa kanisani kwetu kuna desturi. Jumapili ya kwanza baada ya matokeo, pasta anaita candidates mbele. Unashika mic, unasema jina, shule na grade. Ikiwa ni grade ya university, mzazi wako anainuka, anakuja kusimama kando yako, mnaombewa pamoja. Waliofeli huwa hawaji kanisani siku hiyo. Kila mtu anajua, na hakuna anayeuliza.

Nilipanga kujifanya mgonjwa. Lakini mama nilikuwa nimemwambia matokeo hayajaingia kwa simu, na asubuhi hiyo akanipigia shati pasi yeye mwenyewe. Akasema yataingia tukiwa huko huko.

Pasta alipoita, mama akanigeukia, "Bado?"

Ningeweza kusema bado. Nikasema yameingia.

Msichana aliyekuwa mbele yangu kwenye laini alisema B plain, watu wakapiga makofi. Mic ikanifikia ikiwa bado na joto la mkono wake. Nikasema jina. Nikasema shule. Halafu nikasikia mdomo wangu ukisema, "C plus."

Mama alikuja mbele akicheza. Wamama wakapiga vigelegele. Sikuwa nimewahi kumwona mama akicheza, na nilisimama pale nikitamani sakafu inimeze.

Kwa wasiojua, C plus ndiyo mlango wa university. Kufika jioni, mtaa mzima ulijua naenda university, kule Juja.

Mtu mmoja tu nilimwambia ukweli: tata, dada mdogo wa marehemu baba, anayekaa Mwihoko, upande wa Ruiru. Yeye na mama hawaongei sana. Hakunigombeza.

"Mimi sitakusaidia kudanganya," alisema. "Lakini shule utaenda. Kuna college hapa Ruiru inachukua D plus, course ya stima, craft certificate. Na siku ya kumwambia mama yako, utaenda peke yako."

Nikahamia kwake. Tata alinilipia, mama akaamini ni mkopo wa serikali na kwamba nalala hostel Juja. Msiniulize kwa nini hakutaka kuona admission letter. Hakutaka kwa sababu sikuwa nimewahi kumdanganya.

College nilianza na tabia zile zile. CAT ya kwanza ya Maths, ule mtihani mdogo wa katikati ya term, nikapata saba kwa thelathini, na notes zangu zilikuwa safi kuliko za class nzima.

Madam wa Maths alikuwa mama wa makamo, mtu wa maneno machache. Akachukua kitabu changu, akafungua katikati. "Hapa umeandika nini?"

Nikaanza kumsomea. Akakifunga.

"Sijasema unisomee. Niambie."

Sikuwa na cha kumwambia. Miaka minne ya high school, na sikuwa na sentensi moja yangu mwenyewe.

Akanipokonya kalamu. "Kuanzia kesho kwa class yangu huandiki. Unakaa mbele, unasikiza, na kabla utoke unaniuliza swali moja. Hakuna swali, hakuna kutoka."

Siku ya kwanza wenzangu walitoka wote nikabaki nimekaa. Mwishowe nikasema, "Madam, kwa nini ukigawanya na fraction jibu inakuwa kubwa?"

Hilo ni swali la primary. Nilingoja acheke. Hakucheka. Alienda workshop akaleta waya wa mita moja na pliers, akaniambia nikate vipande vya robo mita, nihesabu.

Nikakata. Vinne. Moja gawanya kwa robo ni nne. Kitu nilichokariri miaka yote hiyo kilikuwa mkononi mwangu, na nilikaribia kulia. Siyo kwa furaha. Nilikuwa nafikiria ile miaka.

Baada ya hapo niliuliza kila siku. Mengine yalikuwa maswali ya aibu kabisa. Wenzangu walinibandika jina la Swali, na kuna siku walikasirika kwa sababu nimewachelewesha lunch. Lakini nilianza kupita. Kwanza kwa shida, halafu kawaida tu kama watu wengine.

Miaka miwili ikaisha. Matokeo yakatoka: Credit, na Maths peke yake Distinction.

Nilikuwa nimesimama nje ya geti ya college, simu mkononi, jina la mama liko kwenye screen. Maisha yangu yote nilikuwa nasubiri kumpigia mama nimwambie nimepita. Sasa nimepita, na siwezi kupiga, kwa sababu kwa mama mimi nilipita zamani.

Hapo ndipo nilijua nimejiibia nini.

Wiki hiyo hiyo akapiga yeye. Wamama wa kanisa wamekubaliana kuja kunitembelea Juja Jumamosi ya wiki inayofuata, wakiwa na chapati, waombe ndani ya room yangu. "Room yako ni namba gani?" akauliza. Alikuwa na furaha.

Nikamwambia nitamletea jibu nyumbani.

Nilifika kibandani Alhamisi saa tisa mchana. Alikuwa anasukuma machine, sweta ya kijani. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. D plus, Mwihoko, tata, stima. Mkono wake ulisimama katikati ya mstari.

"Miaka mbili nimefunga kila Ijumaa," alisema polepole, "nikiombea mtoto wa Juja. Huyo mtoto hayuko?"

"Hayuko, mum."

"Na huyu wa Ruiru, nani alikuwa anamwombea?"



Nikampa result slip, hakuipokea. Akasema, "Weka hapo. Jumapili utasimama mahali ulisimama."

Sikulala vizuri siku hizo, na sitajifanya hapa kwamba nilikuwa jasiri. Nilienda kwa sababu alinipigia shati pasi tena, bila kuniongelesha.

Pasta alinipa mic bila kujua ninachotaka kusema. Nikasema, "Miaka miwili iliyopita nilisema hapa C plus. Nilipata D plus. Sisomi Juja. Nimesoma stima Ruiru, na nimepita. Mniwie radhi, na zaidi mama aniwie radhi."

Hakuna aliyepiga makofi. Watu waliangalia chini.

Halafu nikaona mama ameinuka. Hakucheza. Alikuja polepole na Biblia kwapani, akasimama kando yangu bila kunishika wala kunitazama. Akatoa ile slip ndani ya Biblia, akampa pasta.

"Ombea huyu," alisema. "Huyu wa Ruiru."

Wakuu, yangu ni hayo. Sasa niko diploma, college ile ile. Mama na tata wameanza kupigiana simu. Mimi na mama bado hatujawa vile tulikuwa, na sitarajii makubwa. Juzi aliniuliza diploma ya stima ni kitu gani hasa, nikamweleza kwa maneno yangu mwenyewe, na akaelewa.

Nilichojifunza ni kwamba D plus haikuniumiza kama ile C plus. D plus nilianza nayo upya na ikanibeba. C plus iliniibia siku ambayo ingekuwa yangu na mama.

Kama una grade ambayo hujaisema nyumbani, iandike hapa chini kwanza, hata bila jina. Nitasoma zote. Halafu wiki hii, nenda ukaiseme nyumbani.