Sponji Kutoka Kimaka

Aliyegundua kwanza alikuwa Barasa, na hakuwa na maneno ya kusema. Aligonga kikombe cha plastiki kwenye mkono wa kiti chake, mara moja, mara tatu, kisha mfululizo, mpaka mkewe Nangila akaacha cherehani barazani akaingia ndani, pini bado ziko mdomoni.

"Baba Griffin, nini tena?"

Barasa akanyoosha mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu, akaelekeza tangi la kioo lililokuwa juu ya meza. Samaki walikuwa wamepanda juu wote, midomo imegusa uso wa maji, wanahema kama watu waliokimbia kupanda mlima Wanale. Wote isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa amelala ubavu chini kwenye changarawe, na hakuinuka tena.

Tangi lilikuwa na siku tatu tu humo ndani.

Kwa miaka ishirini na miwili Barasa aliendesha lori kutoka Mombasa hadi Kampala. Mwaka uliotangulia, akiwa kwenye foleni ya mpakani Malaba akisubiri karatasi za mzigo, kiharusi kilimpiga. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakamtoka yote ila mawili: "hapana" na "twende". Nangila akamleta nyumbani Nkoma, hapa Mbale, katika nyumba ya kupanga ambako yeye hushona vitambaa vya viti vya magari. Miezi ilipita Barasa akitazama ukuta. Televisheni aliichukia. Daktari wa mazoezi alisema atafutiwe kitu kinachosogea polepole, kitu ambacho macho na shingo vitakifuata vyenyewe. Nangila alifikiria kuku, akafikiria dirisha la upande wa barabara. Hakuna kilichofaa.

Halafu akaenda Jinja kupeleka viti vya gari la mzee mmoja wa mtaa wa Kimaka, sajini mstaafu aitwaye Ojok. Sebuleni kwa Ojok kulikuwa na matangi manne ya nkejje, vile visamaki vya ziwani ambavyo watu wengi wa huko huvijua vikiwa vimekauka tu, vya kumpikia mtoto uji. Majini vilikuwa kitu kingine kabisa: madume yana mgongo mwekundu na ubavu wa buluu, yanafukuzana, yanageuka, yanasimama. Nangila aliketi kungoja chai. Alipokumbuka kutazama saa, saa nzima ilikuwa imekwenda.

"Afande, nataka kama hawa. Nampelekea mzee wangu."

Ojok alimuuzia tangi moja, pampu ya hewa na chujio, lakini alimwonya kwa Kiswahili chake cha jeshini. "Mama, sikiza. Maji mupya iko kama nyumba bila mutu. Weka maji, weka chujio, ngoja wiki ine. Samaki nakuja nyuma."

Nangila alisikia, ila hakusikiliza. Wiki nne za ukuta tena? Alimbembeleza mpaka akapewa samaki kumi na wawili siku ileile, ndani ya dumu la maji, na kijichupa cha dawa ya kupimia maji. Dumu alilishika mapajani mpaka Mbale.

Kwa siku mbili alijiona mshindi. Barasa aliugeuza uso kutoka ukutani. Shingo ikafuata dume mmoja kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka jasho likamtoka. Kwa furaha Nangila akawalisha samaki asubuhi, mchana na jioni.

Sasa, akiwa na samaki mfu mkononi, alipiga simu Jinja.

"Dawa nasema nini?" Ojok akauliza.

Dawa alikuwa hajaifungua. Akateka maji kidogo kwenye kichupa, akadondosha matone kama alivyoelekezwa, akangoja. Njano ingekuwa salama. Maji yakawa kijani, yakazidi, yakawa kijani cha majani ya mgomba.

"Hiyo ni amonia," Ojok akasema. "Kojo yao na chakula yenye ilioza. Kwa tangi ya zamani, iko wadudu wadogo sana, macho haiwezi ona, wanakaa kwa sponji ya chujio. Wao ndio nakula hiyo sumu. Kwako bado hawako. Rudisha samaki, mama."

Nangila akamtazama Barasa. Kichwa chake kilikuwa kimeelekea kwenye kioo, si ukutani.

"Sirudishi," akasema. "Niambie la kufanya."

Siku ile chakula kikakatwa. Maji yakaanza kubadilishwa, nusu ya tangi kila siku, lakini si ya mfereji moja kwa moja, kwa sababu dawa ya klorini ingewamaliza samaki na hao wadudu pia. Nangila akapanga ndoo tano barazani, kila moja ikae wazi siku nzima klorini itoke. Wateja waliokuja na viti vyao waliziruka. Alipima asubuhi kabla ya chai, akaandika rangi kwenye kalenda: kijani, kijani, kijani. Kila alipotoa maji, ilipungua. Kesho yake ilirudi palepale. Samaki wa pili akafa, kisha wa tatu.

Maana sponji ilikuwa kazi yake, alidhani ataishinda shida kwa mkasi. Akakata sponji nzuri ya kiti, nene mara mbili. Ojok akacheka kwenye simu mpaka akakohoa. "Hata uweke godoro, mama. Haina mutu ndani."

"Basi nipe yenye watu."

Alfajiri iliyofuata alikuwa barabara ya Tirinyi, ndani ya lori la Adero, mwanamke Mkenya aliyewahi kujifunza udereva kwa Barasa na ambaye siku hiyo alikuwa anarudi Kampala bila mzigo. Kimaka, Ojok akachomoa kutoka tangi lake la miaka mingi sponji nyeusi, tepetepe, inayonuka matope ya ziwa. Nangila alizoea sponji mpya za kung'aa. Hii angeiona dukani angeitupa. Ojok akaitia kwenye kopo lenye maji yaleyale ya tangi.

"Isikauke. Isioshwe na mufereji. Isione sabuni. Ikikufa, wewe nabeba maiti tu."

Saa tisa alasiri sponji ilikuwa ndani ya chujio Nkoma. Kesho yake kijani kilififia. Siku ya tatu kilikuwa kijani cha chai ya mchaichai. Nangila aliimba akishona.

Siku ya nne alikwenda sokoni kununua uzi. Nyumbani alikuwa amefika wifi yake Ivy, dada mdogo wa Barasa, kutoka Webuye, mwanamke asiyeweza kuketi nyumba ikiwa chafu. Nangila aliporudi alisikia sauti ya mumewe toka njiani.

"Hapana! Hapana! Hapana!"

Alikuta kikombe kimepasuka sakafuni, chai imemwagika, na Ivy amesimama akilia.

"Nimempa chai, ametupa. Nimempa maji, ametupa. Sijui anataka nini."

Barasa hakumtazama Ivy. Mkono wake ulielekea mlangoni, kwenye kamba ya nguo, na Nangila akaona. Sponji ilikuwa imebanwa kwa vibanio viwili juani, imeoshwa kwa sabuni ya unga, njano safi kama mpya.

Hasira ilimpanda Nangila mpaka masikio yakawasha. Alitaka kusema neno ambalo wifi hulikumbuka mpaka kaburini. Lakini Barasa alikuwa bado anaelekeza, na sasa alikuwa anamwangalia yeye, macho makali, macho ya dereva anayemwonyesha turnboi, msaidizi wake, tairi linalovuja. Ilimjia kwamba kwa mwaka mzima mumewe hakuwahi kugombania kitu chochote. Leo amepigania hiki.

"Ivy, keti," akasema. "Kosa ni langu, sikukwambia. Hiyo ilikuwa dawa yao."

"Ile takataka?"

"Ile takataka."

Barasa akavuta pumzi. "Twende," akasema, na akaonyesha ndoo.

Walibadilisha maji jioni ile, Ivy akibeba ndoo bila kuambiwa. Asubuhi akajipeleka mwenyewe Jinja, akaomba radhi kwa mtu asiyemjua, akarudi na kopo mapajani. Ojok alikuwa ameongeza konzi ya changarawe ya zamani, kwa huruma, alisema, ya yule mzee anayepiga kelele.

Haikuwa rahisi hata hapo. Amonia ilipoanza kushuka, ikaja sumu ya pili inayotokana nayo, ambayo dawa yake ya kupimia, aliyoituma Ojok, hugeuka kutoka njano kuwa zambarau, na samaki mwingine akaondoka. Ndoo hazikupumzika. Nangila alibadilisha maji akiwa na homa. Alibadilisha siku ya mazishi ya jirani, kabla ya kuvaa. Barasa alikuwa mlinzi. Samaki akipanda juu kuhema, anagonga. Wakitulia, ananyamaza. Siku ya arobaini na moja Nangila alitikisa kichupa, akangoja, akakisogeza dirishani asije akajidanganya. Njano. Kesho yake njano. Siku ya tatu alimpelekea Barasa kichupa akishike mwenyewe. Alikishika kwa mkono wa kulia. Vidole vilitetemeka, lakini havikukiangusha.

Nane walikuwa wamebaki.

Wiki chache baadaye Barasa akaanza kugonga tena. Jike mmoja alikuwa amejitenga pembeni, hali chakula, kidevu kimevimba. Nangila akapima: njano. Akapima tena. Akapiga simu Kimaka, akaeleza alichokiona.

Ojok akacheka taratibu. "Hiyo haiko ugonjwa, mama. Nkejje nabeba mayai kwa mudomo. Wacha yeye. Wiki mbili, tatu, atatema watoto."

Nangila akapiga magoti kando ya kiti ili macho yake na ya mumewe yawe sawa, akamwonyesha kile kidevu. "Ana watoto mdomoni, Baba Griffin. Ndiyo maana hali."

Barasa alitazama kwa muda mrefu. Kisha akafumba mdomo wake, akajaza hewa mashavuni, yote mawili, hata lile la kulia, akamgeukia mkewe kuuliza kwa macho kama yeye mwenyewe ameelewa vizuri.