Mafundo Aliyofunga Cucu

Nilipokuwa mtoto, sikuwa na raha kubwa kuliko kufungua nilichokatazwa kufungua. Na siku moja, katika kambi ya shamba la kahawa pale Ruiru, niliamriwa nifungue kila kitu. Mama alikuwa na uchungu tangu jana yake na mtoto hatoki. Cucu, mamake baba, alisema nyumba yenye mafundo hufunga tumbo.

"Kimbia, Wanjiru! Usiache hata moja!"

Nikafungua magunia, viondo, kamba ya mbuzi, lemba la jirani, hata mshipi wa baba akiwa ameuvaa. Baba akashika suruali kwa mikono miwili. Mbuzi akaenda zake kwenye kabichi za nyapara. Nilicheka! Kisha nikasikia mama akiugua, nikanyamaza.

Cucu alikuwa akichemsha mizizi. Nesi wa shamba akaingia, akampapasa mama tumbo, akaimwaga ile dawa nje.

"Mtoto amelala upande, Cucu. Dawa hii inasukuma, naye hana pa kupita. Itampasua kizazi. Lori la kahawa linangoja barabarani, twende hospitali ya Thika."

Njia ya kufika barabarani ilikuwa ya miguu tu. Baba akaleta miti miwili, magunia na kamba, afunge machela. Cucu akasimama mlangoni.

"Ukifunga hiyo kamba, umemfunga mkeo."

"Nisipoifunga nitambebaje, mama?"

"Mwenye nguvu ni wewe."

"Suruali yenyewe imenishinda!"

Mama aliita jina la Cucu, mara moja, kwa sauti ndogo. Cucu akampokonya baba kamba, akapiga magoti, akafunga mwenyewe, akiliombea kila fundo: "Bwana, hili nimefunga mimi. Ukidai, nidai mimi."

Thika madaktari walimpasua mama, wakamtoa ndugu yangu akilia kwa hasira. Nesi aliporudi, Cucu hakuuliza kwanza kama ni mvulana.

"Yale mafundo, nani aliyafungua?"

"Mimi, mlangoni pa hospitali. Yote."

"Ngai akubariki," akasema Cucu, akaketi chini, akacheka huku akilia.

Mama tulimzika mwezi uliopita, akiwa mzee wa wajukuu wengi. Binti zangu nimewapeleka hospitali wote kujifungua, na mizizi sijawapa. Mafundo siyaamini, namwamini Mungu. Lakini jeneza liliposhushwa, nilimkumbuka Cucu akiwa amepiga magoti, akifunga kitu alichokiogopa kuliko kifo. Nikafungua lemba langu, taratibu, mbele ya watu wote wa kanisa.