Kigoda Ndani ya Ndege

Juzi, kwenye uwanja wa ndege wa Isiolo, mkaguzi wa mizigo alikigeuzageuza kigoda cha mbao cha mzee Mturkana kutoka Ngaremara, akiitafuta hatari yake.

"Mzee, hii ni nini?"

"Kiti. Nikilala, ni mto."

"Lakini ndege iko na viti."

"Nimezikalia. Hazijui kulala. Bila hii, siendi."

Mkaguzi akapekua orodha ya vitu vilivyokatazwa. Mikasi ilikuwamo, kigoda hakikuwamo. Akamrudishia shingo upande.

Angani, mzee alikiweka kigoda juu ya kimeza, akalaza kichwa, akakoroma hadi Nairobi. Sisi wengine, tusiobeba chochote cha kutiliwa shaka, tulishuka tukisugua shingo.

"Mzee, unauza?" nikamuuliza.

"Utalalia yangu? Chonga yako."