Mashine Haisindikizwi

Ndugu yangu Zahran ni mchora ramani za nyumba. Ukitaka kumpata, fika Malindi uulize mlango wenye vibandiko vya kompyuta. Mlango wenyewe ni wa babu yetu, wa mti wa msaji, umechongwa maua kwa mkono kuanzia juu mpaka chini, na juu ya maua hayo Zahran kabandika matangazo ya printa. Chini ndiyo ofisi yake. Juu tunakaa sisi wawili: mimi Rawiya, mjane niliyerudi nyumbani, na yeye, mtu wa miaka arubaini na ushei ambaye kila mwaka husema ataoa akipata muda.

Na huo muda ndio uliomponza.

Si mvivu, nisimsingizie. Ana maradhi mengine: hawezi kuona jambo linafanywa kwa mkono asilitafutie mashine. Alileta mashine ya kukunia nazi, ikatupaka machicha mpaka kwenye boriti. Ana saa ya mkononi inayomhimiza anywe maji, na humhimiza hata mwezi wa Ramadhani, mchana kweupe, msikitini. Mimi husema afadhali ingekuwa ya kumhimiza aoe.

Kazini lakini alikuwa mtu wa taratibu, na watu walimpenda kwa hilo. Kwetu nyumba haichorwi kwa kikao kimoja. Ukimwita mchora ramani, kwanza mnakunywa kahawa na kuulizana hali za watoto. Ukumbini, mbele za jamaa, mwenye nyumba husema maneno mazuri: nyumba hii ni yetu sote, chumba cha shangazi kipo, mgeni asikose pa kulala. Kila mtu huyasikia, kila mtu huitikia amin, na hakuna anayeyashika, kwa sababu ni maneno ya heshima. Yenye maana hungoja mgeni aage. Mgeni kwetu husindikizwa mpaka mlangoni, na pale, mguu mmoja ndani na mmoja nje, mama wa nyumba huvuta mtandio, akashusha sauti, akasema, "Mwanangu, vyumba vitatu vinatosha. Na jiko liweke nyuma, wifi yangu asije akajua nnapika nini." Hapo ndipo Zahran alipokuwa akipokea kazi. Akirudi nyumbani aliyafuta ya ukumbini, akachora ya mlangoni.

Kisha akaenda semina. Ilikuwa kwenye hoteli moja, ya siku nzima, na kijana mmoja mwenye suruali ya kumbana aliwaonyesha wachora ramani jinsi akili mnemba itakavyowafanyia kazi. Zahran alirudi macho yanameta kama aliyeota bahati.

"Da Rawiya, mie sasa nshapumzika," aliniambia. "Nnaweka simu mezani, wateja wanazungumza, programu inasikiliza. Inajua nani anataka nini. Inachora, inapanga vyumba, inahesabu matofali. Na kutuma inatuma yenyewe, kwa kila aliyetajwa."

"Na wewe unafanya nini?"

"Mie nnapata muda."

"Muda wa nini?"

Akatazama chini, akatabasamu. "Wa kuoa."

Nilimjua anayemtaka. Faiza, mwalimu wa skuli, binti wa Bi Mwatum wa Vuga. Tena mimi mwenyewe nilikuwa nimeshatia neno kwa mama yake, kwa adabu, tukiwa harusini. Bi Mwatum hakukubali wala hakukataa, alisema tutazungumza. Hazikupita siku nyingi akamwita Zahran amchoree nyumba kwenye kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe kule Mtoni. Mtu yeyote mwenye akili isiyo mnemba angefahamu kwamba mama anataka kumtazama mkwe. Nilimwambia Zahran kuwa hii si kazi, huu ni mtihani. Akanijibu kuwa ndiyo maana atakwenda na teknolojia.

Tulikwenda pamoja. Ukumbini tulimkuta Bi Mwatum na wifi yake, Bi Nunu, dada wa marehemu, aliyekuja kutoka Kizimkazi na mwanawe Talib. Talib kazi yake ni kupeleka watalii kutazama pomboo. Ni kijana asiye na neno baya, na siku ile hakuwa na neno lolote, maana alikuwa anakula halua. Faiza akaleta kahawa. Zahran akamwamkia Bi Mwatum, akaitikiwa marahaba, na kabla fenjani hazijazunguka akaweka simu katikati ya meza na kutangaza kwamba inarekodi.

Hebu fikiri. Bi Mwatum anaambiwa anarekodiwa, na wifi yake kakaa mbele yake. Adabu ilimpanda ikawa haina kipimo.

"Mwenye nyumba ni wifi yangu," alisema, akiisogelea simu. "Yeye apewe chumba cha mbele, chenye upepo. Mie popote n'talala. Na Talib huyu ni mwanangu, sioni tofauti baina yake na Faiza, chumba chake kipo. Na hiyo ramani aonyeshwe wifi kwanza. Atakalosema yeye, mie nshalikubali."

"Mungu akuzidishie," akasema Bi Nunu.

Faiza alimtazama Zahran na kicheko kidogo pembeni mwa mdomo, kicheko cha mtu anayejua kuwa haya ni ya ukumbini na anatumaini mwenzake anajua vilevile. Zahran hakukiona. Alikuwa anatazama mstari wa kijani unaorukaruka kwenye simu kila mtu anaposema.

"Imetosha," akasema, akainuka. "Ishapata kila kitu."

"Mbona mapema? Ngojeni niwasindikize," akasema Bi Mwatum.

"Usijisumbue, Bi Mwatum. Mashine inangoja."

Akanishika mkono akaniteremsha ngazi kama tunakimbia moto. Tulipofika kwenye kona niligeuka, nikamwona Bi Mwatum kasimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni, mtandio umemwanguka begani, ametunyooshea mkono. Nilimwambia Zahran kuwa mama wa watu anatuita. Yeye alikuwa ameinua simu juu anatafuta mtandao. Akasema yote aliyokuwa nayo Bi Mwatum kashayasema, na yamerekodiwa.

Ramani iliyokuwa ikimchukua mwezi ilikuwa tayari kesho yake kabla ya adhuhuri. Ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Ilikuwa na rangi, na miti, na mbingu ya buluu, na mbele ya baraza ya Bi Mwatum, mama wa swala tano, mashine iliweka mwanamke aliyevaa kaptula anavuta mbwa. Chumba cha mbele, kikubwa kuliko vyote, kiliandikwa "Bi Nunu, mwenye nyumba." Bi Mwatum aliwekwa nyuma, baina ya jiko na tangi la maji, kwa kuwa alisema popote atalala. Na juu kulikuwa na vyumba viwili sawasawa, kimoja Faiza, kimoja Talib, na baina yao mlango. Pembeni mashine ilikuwa imeeleza: mteja haoni tofauti baina ya hawa wawili, kwa hivyo vyumba vyao vimeunganishwa.

"Huu mlango wa nini?" niliuliza.

Zahran aliusogelea uso wa kompyuta. "Da Rawiya, hii haifai. Nnaurekebisha sasa hivi."

"Rekebisha kabla hujatuma."

Akaninyooshea kidole kwenye kompyuta. Ilikuwa imeshatumwa. Ilikwenda yenyewe, kwa kila aliyetajwa, na Bi Nunu kwanza, kama mteja alivyoagiza. Chini yake lilikuwa jina la ndugu yangu na saini yake, ambayo mashine nayo ilikuwa imefundishwa kuitia.

Sasa nikwambie jambo la Bi Nunu. Miaka mingi alikuwa anamtaka Faiza kwa mwanawe, na miaka mingi Bi Mwatum alikuwa anamzungusha kwa maneno ya heshima, asimpe pa kushika. Siku ile alipewa pa kushika, na vipimo vyake. Alasiri alikuwa keshafika mjini na gari la kukodi limejaa jamaa wa Kizimkazi, sinia la halua kichwani mwa mmoja wao, ramani mkononi imechapishwa kwa rangi. Walipanda ngazi kwa vigelegele. Bi Nunu alimkumbatia wifi yake akalia, akasema hakujua kama moyo wake ni mkubwa namna ile. Bi Mwatum angesema nini mbele ya watu wote wale? Kwamba alikuwa anasema tu? Neno hilo mtu aliyelelewa na watu halitoki kinywani mwake.

Habari ilitufikia kabla ya magharibi, kwa sababu vigelegele vya Vuga husikika Malindi. Kesho yake nilimnyang'anya Zahran simu, nikaitia mfukoni mwa baibui langu, nikampeleka. Alikaa ukumbini kama anavyopaswa kukaa mtu. Alikunywa kahawa yote, akauliza hali za jamaa wote, hata wa Kizimkazi. Faiza hakutokea. Tulipoaga, Bi Mwatum alivuta mtandio akatusindikiza, na safari hii ndugu yangu aliteremka ngazi moja moja, akafika mlangoni akasimama.

"Juzi nilisimama hapa hapa," akasema Bi Mwatum kwa sauti ya chini. "Nilitaka kukwambia uwalete wazee wako. Faiza nilikuwa nshazungumza naye, na alikuwa radhi. Nikauona mgongo wako."

Zahran alimsogelea. "Bi Mwatum, ramani nnaibadilisha. Leo hii. Mara moja tu."

"Ramani inabadilika, mwanangu. Wifi yangu habadiliki."

"Na Faiza mwenyewe anasemaje?"

"Nimemuuliza, maana lazima aulizwe. Kaitazama ramani, kaona jina lako chini. Akasema, ikiwa Zahran kwa mkono wake ndiye aliyetuchorea mlango wa kati mie na Talib, basi mie niseme nini tena? Akamkubali Talib."

"Lakini sikuichora mie," akasema Zahran. "Mwambie, tafadhali. Wallahi sikuichora mie. Ile ni mashine."

Bi Mwatum alimtazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko lau angemtukana.

"Hilo bora nisimwambie," akasema. "Litamuumiza zaidi."

Njia nzima kurudi Malindi nilikuwa nimemkasirikia, na nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia, makali. Nilipomwona amekaa kwenye kiti chake mbele ya kompyuta bila kuiwasha, niliyasahau yote, nikaenda jikoni nikalia. Ndugu yangu ni mpumbavu, lakini ni ndugu yangu, na alikuwa anampenda yule msichana kwa kweli.

Nyumba ya Mtoni sasa imefika kwenye linta, juu ya milango na madirisha. Bi Nunu huja kila Jumamosi kuisimamia, na mafundi wamezoea kumwita mwenye nyumba. Mbwa alifutwa. Mlango wa kati umebaki, maana baada ya nikaha una kazi yake. Talib, naambiwa, ni mume mwema, na halua bado anakula.

Na Zahran kawa mtu mwingine, mpaka wateja wanamnong'ona. Akiitwa kwa kazi haweki simu mezani. Anakunywa kahawa mpaka birika likauke, anauliza watoto kwa majina, na akiaga hasogei mpaka asindikizwe. Husimama mlangoni kwa watu, mguu mmoja ndani na mmoja nje, akingoja waseme. Wengine hawana la kusema, maskini, wanataka tu kufunga mlango.

Programu yenyewe hajaiondoa, maana aliilipia mwaka mzima. Kila Ijumaa humtumia salamu za pongezi, zenye picha ya fataki, kumjulisha ni muda gani imemwokolea wiki ile. Huusoma ujumbe mpaka mwisho, akaufunga. Muda wa kuoa sasa anao.